Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kudhibiti Halijoto katika Uigaji wa Polima na Vimiminika Changamano kwa Kompyuta

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, walimu wa fizikia na kemia, na watu wa maabara walioko Mtwara na Lindi ambao wameanza kutumia kompyuta kuiga mwenendo wa polima (molekuli ndefu zilizo kama mnyororo), rangi, gundi, uji wa wanga na vimiminika vingine vya aina hiyo. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu yapo maswali yanayokwisha kwa sentensi chache, na yapo mengine yanayogusa karibu kila kitu kinachoweza kuharibika katika kazi hii.

Ndani ya kompyuta hakuna joto lolote. Themostati inadhibiti nini hasa?

Katika uigaji wa chembe, kila chembe ina mahali ilipo na kasi yake, na programu inapiga hesabu ya kani zinazotenda juu yake, kisha inaisogeza mbele hatua moja ndogo ya muda kwa kufuata kanuni za Newton, na kurudia kazi hiyo mara mamilioni. Halijoto haimo katika orodha hiyo ya vitu vinavyohifadhiwa. Hupatikana kwa kukokotoa: wastani wa nishati mwendo kwa kila mwelekeo ambao chembe iko huru kusogea ni nusu ya kBT, ambapo kB ni namba isiyobadilika ya Boltzmann, 1.380649 × 10⁻²³ J/K.

Kanuni za Newton zikiachwa peke yake hulinda jumla ya nishati, si halijoto. Mnyororo wa polima uliokuwa umenyooshwa ukijikunja, nishati iliyofichika katika kani za chembe hugeuka kuwa mwendo, na mfumo mzima hupata joto. Chupa halisi ya gundi iliyo juu ya meza haifanyi hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa hewa na meza huchukua joto la ziada na kurudisha lililopungua. Themostati ni kanuni tunayoiongeza katika hesabu ili ishike nafasi ya chumba hicho. Ugumu wote unaofuata unatokana na jambo moja, kwamba njia yake ya kufanya kazi ni kubadilisha kasi za chembe, na anayegusa kasi anagusa pia mwendo ambao pengine ndio aliokuja kuupima.

Kwa nini mtu wa Mtwara au Lindi ajishughulishe na somo hili?

Kwa sababu malighafi tuliyo nayo ni ya aina hii hii. Ganda la korosho lina mafuta mazito ambayo yakipashwa moto hutoa kadanoli, molekuli yenye pete ya fenoli na mkia mrefu wa kaboni 15. Ikiunganishwa na formaldehaidi hutengeneza utomvu mgumu unaotumika katika bitana za breki, rangi na gundi. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi, na ganda huondoka pamoja nazo. Anayetaka siku moja kulifanyia kazi ganda hilo hapa hapa nyumbani atahitaji kujua mnato wa mafuta yake unavyobadilika kwa joto, na minyororo inavyojipanga utomvu unapokaza. Maswali hayo yanaweza kuanza kujibiwa kwa uigaji kabla ya kununua mtambo hata mmoja.

Halijoto hapo si jambo la pembeni. Hata maji matupu, ambayo hayana mnyororo wowote ndani yake, hupungua mnato kutoka takriban 0.89 mPa·s kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hadi takriban 0.80 kwenye nyuzi 30, yaani karibu sehemu moja ya kumi kwa nyuzi tano tu. Kipimo kilichofanywa Mtwara mchana bila kiyoyozi hakiwezi kulinganishwa moja kwa moja na namba ya kitabuni iliyopimwa kwenye nyuzi 25, na uigaji ambao halijoto yake imekosewa hauwezi kulinganishwa na chochote.

Nimeweka 300 K, lakini namba inayoonyeshwa inapanda na kushuka kati ya 290 na 310. Je, themostati yangu imeharibika?

Haijaharibika. Halijoto ya papo kwa papo, inayokokotolewa kutokana na nishati mwendo ya chembe zilizomo, inapaswa kuyumba, na kiasi cha kuyumba kwake kinajulikana. Mchepuko wake sanifu ukigawanywa kwa halijoto yenyewe ni kipeuo cha pili cha 2/f, ambapo f ni idadi ya digrii za uhuru, yaani njia zote ambazo chembe ziko huru kusogea. Chukua chembe 1,000 huru: zina njia 3,000, toa 3 kwa ajili ya mwendo wa kitovu cha mfumo mzima, zinabaki 2,997. Kipeuo cha pili cha 2/2,997 ni takriban 0.026, na ukizidisha kwa 300 K unapata karibu 7.7 K. Kuona 292 na 308 mara kwa mara ni kawaida kabisa, na kuona 285 mara moja moja si ajabu. Kwa chembe 100,000 mchepuko huo hushuka chini ya 1 K.

Kinachopaswa kukutia shaka ni kinyume chake. Ukiona mfumo wa chembe 1,000 ambao halijoto yake imetulia kwenye 300.0 bila kutikisika, ujue themostati imeubana kupita kiasi, na mfumo huo haufuati mgawanyo wa Boltzmann, yaani jinsi nishati inavyopaswa kugawanyika kwa halijoto hiyo. Wastani utakuwa sahihi, lakini kila kitu kinachotegemea kuyumba, kama vile uwezo wa kimiminika kubeba joto, kitatoka vibaya. Ninapendekeza kila anayeanza achore mgawanyo wa halijoto kutoka katika matokeo yake mwenyewe na kuulinganisha na namba hiyo kabla ya kupima kitu kingine. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na inafichua makosa mengi mapema.

Kuna themostati ngapi, na zinatofautianaje?

Zipo nyingi, lakini zinazokutana na mtu kila siku ni chache, na zinafaa kueleweka kwa kuangalia kila moja inagusa nini.

Ya zamani na rahisi kueleza ni ya Andersen, ya mwaka 1980. Mara kwa mara, chembe moja huchaguliwa kwa nasibu, kasi yake hufutwa, na hupewa kasi mpya iliyochotwa kutoka katika mgawanyo wa Maxwell na Boltzmann. Inatoa takwimu sahihi za msawazo, yaani hali ya mfumo uliokwisha kutulia. Hata hivyo, chembe inasahau ilikokuwa ikielekea, na ufutaji ukifanywa mara nyingi, msambao wa chembe, yaani kasi yake ya kutawanyika kutoka zilipokuwa, hupungua sana kuliko inavyostahili.

Mwaka 1984 Berendsen na wenzake walileta njia ya kuzidisha kasi zote kwa namba moja iliyo karibu na 1, ili halijoto irudi polepole kwenye lengo. Ni nzuri kwa kupasha au kupoza mfumo mwanzoni, kwa sababu haitikisi. Haifai kwa vipimo, kwa kuwa ndiyo hasa inayobana myumbo tulioueleza hapo juu. Mwaka 2007 Bussi, Donadio na Parrinello waliirekebisha kwa kuongeza kipengele cha nasibu kilichopimwa vizuri, na sasa inatoa mgawanyo sahihi bila kupoteza upole wake. Kwa maoni yangu, ambaye programu yake ina njia hiyo ya 2007 hana sababu ya kuendelea na ile ya 1984.

Nosé mwaka 1984, na Hoover mwaka 1985, walikuja na wazo la namna nyingine: kuongeza kigeu kimoja cha kubuni kinachofanya kazi kama msuguano unaoweza kuwa chanya au hasi, na kukiacha kibadilike kwa mlinganyo wake chenyewe. Hakuna nasibu ndani yake. Kwa kimiminika chenye chembe nyingi zinazogongana hufanya kazi vizuri sana. Kwa mfumo mdogo au mgumu kama springi, hukwama katika sehemu ndogo ya hali zote zinazowezekana na kamwe haifiki kwingine. Springi moja pekee ndiyo mfano mashuhuri wa kushindwa kwake. Ndiyo maana Martyna, Klein na Tuckerman mwaka 1992 walipendekeza mnyororo wa vigeu hivyo, kimoja kikidhibiti kingine. Kasoro ndogo ya kuzingatia ni kwamba ukiianza mbali na msawazo, halijoto hupanda na kushuka kwa mawimbi makubwa kabla ya kutulia.

Ya Langevin inampa kila chembe vitu viwili kwa wakati mmoja: msuguano unaopunguza kasi yake, na misukumo ya nasibu inayoirudishia. Viwili hivyo vimefungwa pamoja: ukubwa wa misukumo huamuliwa na msuguano na halijoto unayoitaka, kupitia kiasi cha 2mγkBT, ambapo m ni tungamo na γ ni kigezo cha msuguano. Ni imara mno. Ukikosea kidogo hatua ya muda, au kani ikiruka, msuguano hunyonya joto la ziada papo hapo na pale pale lilipotokea, wakati njia za kuzidisha kasi zote hulitawanya kwa chembe zisizohusika. Wanaoshughulika na polima wameipenda kwa sababu hiyo.

Mwisho ni ile inayofanya kazi kwa jozi, inayojulikana duniani kote kwa kifupi cha DPD (kwa Kiingereza, dissipative particle dynamics). Hiyo inastahili swali lake.

Mwalimu wangu anasisitiza kwamba momenta ilindwe. Kwa nini jambo hilo ni kubwa kiasi hicho?

Kwa sababu katika kimiminika, chembe moja inapotembea huwavuta majirani zake, na hao huwavuta wengine, na mwendo huo husafiri mbali. Hiyo ndiyo haidrodinamiki. Msingi wake ni kwamba momenta (tungamo mara kasi) ambayo chembe moja imepoteza imepokewa na nyingine, na hakuna iliyotoweka. Msuguano wa Langevin hauheshimu jambo hilo. Unapima kasi ya chembe dhidi ya sakafu isiyoonekana, iliyosimama tuli, na kila chembe inayosogea humwaga momenta yake katika sakafu hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwendo unaosambaa hufifia baada ya umbali fulani, ambao ni takriban kipeuo cha pili cha mnato wa mwendo (mnato uliogawanywa kwa msongamano) ukigawanywa kwa msuguano γ. Ukiongeza γ mara nne, umbali huo hupungua nusu.

Athari yake inaonekana wazi katika mmumunyo mwepesi, ambapo minyororo michache inaelea ndani ya kiyeyushi kingi. Mnyororo halisi husafiri pamoja na kiyeyushi kilichonaswa ndani ya mikunjo yake, na msambao wake hupungua kwa kadiri ukubwa wa donge lake unavyoongezeka. Hiyo ndiyo nadharia ya Zimm. Mnyororo ambao kila shanga yake (chembe moja ya mnyororo, inayosimama badala ya atomu kadhaa) inasuguana peke yake na sakafu hufuata nadharia ya Rouse, ambapo msambao hupungua kwa kadiri idadi ya shanga inavyoongezeka. Weka namba. Ukiongeza urefu wa mnyororo mara mbili katika kiyeyushi kizuri, Rouse anasema msambao utabaki nusu, na Zimm anasema utabaki karibu theluthi mbili, kwa sababu 2 ikipandishwa kwa kipeo cha 0.588 ni takriban 1.5. Hiyo si tofauti ya kupuuzwa, na haitokani na polima yako wala kani ulizochagua, ila na themostati peke yake.

Kuna hali ambapo Langevin haina madhara. Katika polima iliyoyeyuka isiyo na kiyeyushi, minyororo imebanana kiasi kwamba haidrodinamiki ya mnyororo mmoja mmoja imekwisha kuzimwa na majirani, na msuguano mdogo wa themostati haubadilishi mengi. Kremer na Grest walitumia hali hiyo mwaka 1990 katika kazi yao mashuhuri kuhusu minyororo ya shanga na springi: msuguano wa 0.5 kwa kizio cha muda, halijoto ya 1.0 na msongamano wa 0.85, vyote katika vizio vya Lennard-Jones, ambavyo hupimwa kwa ukubwa, tungamo na nishati ya shanga yenyewe. Namba hizo bado ndizo zinazoigwa na wengi hadi leo. Ukiziiga, iga pia sababu yake: msuguano ulikuwa mdogo ukilinganishwa na ule ambao shanga zenyewe zinapeana, na hapakuwa na kiyeyushi.

DPD ni nini, na namba zake za kawaida zinatoka wapi?

Hoogerbrugge na Koelman waliitoa mwaka 1992 kama njia ya kuiga vimiminika kwa chembe laini, kila moja ikiwakilisha donge la molekuli kadhaa. Kila jozi ya chembe zilizo karibu hupeana kani tatu: ya kusukumana, ya msuguano, na ya nasibu. Msuguano unategemea tofauti ya kasi kati ya chembe hizo mbili, si kasi dhidi ya sakafu, na kila kani inayotenda juu ya moja hutenda kinyume chake juu ya nyingine. Kwa hiyo momenta inalindwa, na kimiminika kizima kikisafiri pamoja, themostati haihisi chochote.

Mwaka 1995 Español na Warren walionyesha sharti linalofanya halijoto iwe sahihi: uzito wa kani ya msuguano lazima uwe kipeo cha pili cha uzito wa kani ya nasibu, na σ² iwe sawa na 2γkBT, ambapo σ ni nguvu ya kani ya nasibu na γ ni nguvu ya msuguano. Groot na Warren, mwaka 1997, waliweka namba zinazotumika sana: msongamano wa 3, kani ya kusukumana ya 25 kBT, na σ ya 3. Ukiweka kBT kuwa 1, γ inatoka 4.5 bila hiari yako. Nimewahi kuona faili ambamo mtu amebadilisha σ na kuacha γ ilivyokuwa, akashangaa halijoto kutoka mara mbili ya lengo. Viwili hivyo haviachanishwi. Katika baadhi ya programu unaandika γ na halijoto tu, na σ hukokotolewa ndani. Soma mwongozo wa programu yako ujue ni ipi.

Hatua ya muda nayo ni ya kuangaliwa. Kwa kuwa chembe ni laini, watu huvutwa kutumia hatua kubwa, na msuguano unaotegemea kasi huchanganya hesabu za kawaida za kusogeza chembe. Halijoto inapanda juu ya lengo kadiri hatua inavyokua. Punguza hatua hadi kupanda huko kuwe chini ya kiwango unachoweza kukitetea mbele ya mtahini.

Kasoro iliyo ndani ya namba hizo za kawaida ni kwamba kimiminika chake hufanana na gesi katika jambo moja muhimu. Namba ya Schmidt, yaani uwiano wa kasi ya momenta kusambaa na kasi ya chembe kusambaa, ni karibu 1, ilhali kwa maji kwenye nyuzi 25 ni karibu 400. Kwa maumbo na mipangilio ya msawazo hilo halidhuru. Kwa mambo ya mwendo, kama mnyororo kuchukuliwa na mtiririko, fikiria themostati ya Lowe ya mwaka 1999, ambayo hufanya kama Andersen lakini kwa jozi, ikibadilisha kasi ya moja dhidi ya nyingine pekee. Inalinda momenta na inaruhusu mnato kupandishwa sana. Ipo pia njia ya kati, iliyochunguzwa na Soddemann, Dünweg na Kremer mwaka 2003: kuchukua msuguano na nasibu ya jozi peke yake, na kuviweka juu ya kani ngumu za kawaida za shanga. Kwa vimiminika vya polima vinavyotiririka, hiyo ndiyo ninayoichagua kwanza.

Ninaiga kimiminika kinachotiririka. Ni nini cha ziada cha kuangalia?

Tabaka za kimiminika zinapotelezeana, kazi inayofanywa hugeuka kuwa joto, na kiasi chake kwa kila ujazo ni mnato ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi ya mtelezo. Hapo themostati haipo kwa ajili ya takwimu tu. Ni lazima iondoe joto hilo la sivyo mfumo utaendelea kupata moto.

Jambo la kwanza ni kutenganisha mwendo wa nasibu na mwendo wa mtiririko. Chembe iliyo katika tabaka la juu inasafiri kwa kasi kwa sababu kimiminika chote cha hapo kinasafiri, na mwendo huo hauhesabiwi kuwa joto. Themostati isiyojua hilo itaona joto lisilokuwepo na kuuzuia mtiririko wenyewe. Njia rahisi ya kukwepa ni kutumia Langevin katika mwelekeo mmoja tu, ule ulio wima kwa mtiririko na pia kwa badiliko la kasi, na kuacha migongano isambaze joto kwa mielekeo mingine.

Jambo la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu hujificha ndani ya matokeo yanayovutia. Ukiiambia programu kwamba mtiririko una umbo fulani, tuseme mstari ulionyooka, na ukaondoa umbo hilo kabla ya kukokotoa halijoto, themostati itapinga kila mwendo usiolingana na dhana yako. Katika mtelezo wa kasi kubwa, chembe zilionekana kujipanga kama nyuzi, na zilichukuliwa kuwa awamu mpya ya kimiminika. Mwaka 1986 Evans na Morriss walionyesha kwamba nyuzi hizo zinatokana na themostati iliyolazimisha umbo la mtiririko, na wakatoa njia isiyokisia umbo hilo kabla. Themostati za jozi zina faida hapa bila juhudi ya ziada, kwa kuwa hazihitaji kuambiwa mtiririko una umbo gani.

Halijoto ya jumla ni sahihi, lakini matokeo hayaeleweki. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhesabu digrii za uhuru. Molekuli ya maji yenye atomu tatu huru ina 9. Ukiifunga iwe ngumu, yaani pande zake tatu zisibadilike urefu, zinabaki 6. Programu ikiendelea kugawa kwa 9 huku molekuli ina 6, itaonyesha 300 K wakati halijoto halisi ni 450 K. Programu nzuri hujirekebisha zenyewe, lakini ukikokotoa kwa kikundi kidogo cha chembe, au kwa msimbo ulioandika mwenyewe, jukumu ni lako.

Kisha kokotoa halijoto ya kila aina ya chembe peke yake: polima, kiyeyushi, chumvi. Themostati inayozidisha kasi zote kwa pamoja hutazama jumla tu, na inawezekana kiyeyushi kiwe na joto kupita kiasi na polima iwe baridi, huku jumla ikisoma sawasawa. Pima pia mielekeo mitatu kando kando, na mwendo wa kitovu cha mfumo. Harvey, Tan na Cheatham walieleza mwaka 1998 jinsi kuzidisha kasi mara kwa mara kunavyoweza kuhamisha nishati kutoka mitikisiko ya ndani hadi mwendo wa mfumo mzima, hadi molekuli zinaganda na kusafiri pamoja kama pande la barafu lirukalo. Kipimo cha halijoto hakikuonyesha kasoro yoyote wakati hayo yakitokea.

Hatimaye, pima halijoto bila kutumia kasi. Rugh alionyesha mwaka 1997 kwamba halijoto inaweza kusomwa katika mahali chembe zilipo. Kwa umbo lake jepesi, ni wastani wa kipeo cha pili cha kani, ukigawanywa kwa wastani wa jumla ya minyambuliko ya pili ya nishati fichwa, kisha kwa kB. Hatua ya muda ikiwa kubwa mno kwa springi za mnyororo, kasi zinaweza kutoa 300 K huku mahali pa chembe pakitoa namba nyingine. Tofauti hiyo ikitokea, punguza hatua ya muda, au tumia mpangilio wa hesabu wa Langevin uliotolewa na Leimkuhler na Matthews mwaka 2013, ambao hulinda usahihi wa mahali pa chembe kuliko mipangilio ya awali.

Nimetengeneza kani za shanga kwenye 300 K. Naweza kupandisha themostati hadi 350 K?

Kompyuta haitakukataza, lakini matokeo hayana dhamana. Shanga moja inayobeba atomu kadhaa haina nishati ya kawaida. Kani zake zimebeba ndani yake wastani wa mitikisiko ya atomu zilizofichwa, na wastani huo ulichukuliwa kwenye 300 K. Ukitaka 350 K, tengeneza kani upya au zihakiki dhidi ya uigaji wa atomu zote kwenye halijoto hiyo. Kwa mafuta ya ganda la korosho, ambayo swali lenyewe ni mnato wake kwa halijoto mbalimbali, hatua hii hairukwi.

Umeme ukikatika katikati ya uigaji, naweza kuendelea nilipoishia?

Ndiyo, ikiwa uliiambia programu ihifadhi hali kamili mara kwa mara. Hali kamili ni zaidi ya mahali na kasi. Kwa Nosé na Hoover, hifadhi pia vigeu vya themostati, la sivyo halijoto itaanza tena mawimbi yake. Kwa themostati za nasibu, hifadhi hali ya kizalisha namba nasibu, au kila unapoanza upya toa mbegu mpya, yaani namba inayoanzisha mfululizo wa nasibu. Kuanza upya mara nyingi kwa mbegu ile ile ni kosa baya kuliko linavyoonekana: chembe hupokea mfululizo ule ule wa misukumo kila mara, na misukumo iliyopaswa kufutana hujumlishwa. Mifumo miwili iliyoanza tofauti ikipewa mfululizo mmoja wa Langevin huweza hata kufuatana hadi kuwa na mwendo mmoja. Hapa kwetu, ambapo kazi ya wiki moja inaweza kukatizwa mara kadhaa, badilisha mbegu kwa mkono na uandike kila mbegu katika daftari.

Kompyuta mpakato inatosha?

Kwa shanga elfu chache, inatosha. Programu za uigaji za LAMMPS, GROMACS, ESPResSo na HOOMD-blue zote zinapatikana bila malipo.

Katika ripoti au tasnifu niandike nini kuhusu themostati?

Andika jina lake, kigezo chake cha msuguano au cha muda pamoja na vizio vyake, hatua ya muda, chembe zipi zilidhibitiwa na katika mielekeo ipi, na kama momenta ililindwa. Andika halijoto uliyoipima, si ile uliyoiomba, pamoja na mchepuko wake sanifu, na ueleze kama ulipima kila aina ya chembe peke yake. Kama ulitumia njia moja kupasha mfumo na nyingine kupima, sema ni wapi ulibadilisha. Na kama matokeo yako ni msambao au mnato, rudia uigaji mmoja kwa msuguano wa themostati uliopunguzwa nusu, kisha weka namba zote mbili katika jedwali moja ili msomaji aone mwenyewe ni kiasi gani cha jibu kimetoka kwenye themostati.